Mama Alipiga Magoti Akanyamaza

Kitu cha kwanza kunichefua kilikuwa salamu. Miaka yote kanisani kwetu tumesalimiana "Bwana asifiwe", mtu anaitikia "Amina", yanaisha. Mchungaji akarudi kutoka semina huko alikokwenda, akatangaza kwamba mwezi mzima utakuwa wa shukrani, na kuanzia siku hiyo ukimkuta mshirika mwenzako umwambie "Nashukuru kwa yote," naye akujibu "Kwa yote nashukuru." Kunung'unika marufuku. Waisraeli, alisema, walifia jangwani kwa sababu ya midomo yao. Kesho yake nikakutana sokoni na mama mmoja wa kwaya, jicho limevimba, jekundu kama kipande cha nyama buchani, na wote mtaani tunajua mumewe akilewa anafanya nini. Nikamuuliza kulikoni. Akatabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unafanya kazi, akaniambia, "Nashukuru kwa yote." Nilisikia mate yananijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika.

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Wenzangu wa soko la samaki la Kibirizi hunitania kwamba nimekosea kazi, maana nafanya biashara ya dagaa: nanunua wabichi alfajiri mitumbwi inapoingia, naanika, na wakishakauka nauza kwa wafanyabiashara wa mikoani. Mvua ikinyesha mfululizo dagaa wanaozea kwenye chanja, na hapo ndipo utajua kama wewe ni mtu wa kazi hii au umejipachika. Nimezoa dagaa wenye funza kwa mikono hii. Lakini dagaa wakioza hawamdanganyi mtu. Wananuka, unawamwaga, unanawa, unakwenda nyumbani. Kinachonishinda mimi ni uozo uliopakwa marashi, na mwezi ule kanisa letu lilinukia marashi kila kona.

Ili nieleweke, lazima nianze na choo cha mama.

Mama alikuwa akiishi kijijini Ilagala, katika nyumba ya tofali za kuchoma aliyoachiwa na baba, karibu kabisa na ziwa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakabaki huku. Baba alikuwa Muha wa pale pale. Ziwa lilipoanza kupanda miaka hii halikuja kwa kishindo. Lilikula bustani ya mchicha, likatulia. Likala migomba, likatulia. Kisha likafika kwenye shimo la choo, na kilichokuwa chini kikaja juu. Sitaki kulieleza sana jambo hilo, ila siwezi kuliruka, kwa sababu watu waliokuja baadaye kushukuru juu yake hawakulinusa. Nilipokwenda kumchukua mama nilimkuta amesimama kizingitini na ndoo, anachota maji ya sebuleni anayamwaga nje, na huko nje ni maji yale yale, na juu yake vinaelea vitu ambavyo binadamu hapaswi kuonana navyo mara ya pili. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshalala. Nilitapika pale pale mlangoni. Mama akaniambia, "Pole, mwanangu," utadhani mimi ndiye niliyepoteza nyumba.

Nikamleta kwangu mjini, Buzebazeba, na shida yenyewe ikaanzia hapo, kwa sababu nyumba ile ni ya mume wangu.

Kwao mama, na hata kwa Waha wa zamani, mama na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawali mahali pamoja. Mkwe akiingia, mama mkwe anatafuta mlango mwingine wa kutokea. Kulala chini ya bati moja tayari ni aibu. Kupokezana choo ni jambo ambalo mama hakuwa hata na maneno ya kulisemea. Na sisi tuna choo kimoja tu, uani, chenye mlango wa bati unaolia ukifungua na unaolia ukifunga, kiasi kwamba kila aliyepo nyumbani anajua nani ameingia na amekaa kwa muda gani.

Mume wangu si mtu mbaya. Ni fundi wa injini za boti, na siku za kawaida alitoka kabla hakujapambazuka akarudi jioni, hivyo mama alikuwa na mchana wote wa kuishi kama mtu. Jioni mume wangu alianza kukohoa tangu kwenye kona ya barabara, ili mama apate nafasi ya kuokota sahani yake na kwenda kumalizia ugali jikoni, penye moshi. Wakati mwingine alikohoa mpaka majirani wakaniuliza kama ameshapimwa kifua. Tuliishi hivyo, na tungeweza kuendelea.

Kisha ziwa likafungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, na sina ugomvi na hilo, samaki nao wana haki ya kuzaa. Lakini mitumbwi ikilala injini haziharibiki, na fundi hana pa kwenda. Mimi nami sikuwa na dagaa wa kuanika. Mume wangu akawa nyumbani kutwa nzima, anagongelea viti misumari, anaziba bati, anatafuta kila sababu ya kwenda dukani. Alijitahidi, maskini. Lakini mtu hawezi kwenda dukani kutwa.

Mama akaacha kunywa maji. Mwanzoni sikuliona hilo. Nililiona alipoanza kuninyima nafasi ya kumpakulia, akisema ameshiba kabla sufuria haijaipuliwa. Midomo ikampasuka, tumbo likawa gumu, macho yakaingia ndani. Nilipombana sana alisema kwa sauti ya chini kwamba asiyekula wala kunywa hasumbuki kutoka. Nikamwambia mbona mume wangu haangalii, hana habari kabisa. Akasema, "Anasikia mlango. Inatosha." Zahanati walisema anywe maji mengi. Hilo nilikuwa nalijua bila kupanga foleni.

Sasa, nyuma ya kanisa letu kuna chumba. Zamani alikaa mwinjilisti, na alipohamishwa wakajaza humo viti vya plastiki vya kukodisha kwenye sherehe, pamoja na spika zilizokufa. Kina mlango wake, na nyuma yake kuna kichoo cha tofali ambacho hakitumiwi na mtu. Mama alikiona siku ya usafi, akifagia uwanja na akina mama wenzake. Hakusema kitu siku ile. Alikuja kusema baadaye sana, tukichambua maharage uani: "Kile chumba cha kanisa, mtu angeweza kukifagia." Kwa mama, hiyo ni hotuba ndefu.

Nikamwambia nitakwenda kumwomba mchungaji. Akakataa katakata. "Usiniombee kama mtoto anayelilia andazi," alisema. "Nitakwenda mwenyewe, kwa adabu."

Adabu yenyewe ni hii. Kwao mtu hafiki kwa mkubwa akafungua mdomo kusema naomba. Anabeba kitu, hata kama ni kidogo. Anapiga magoti, anapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, anashukuru kwa lile alilopewa zamani, tena kwa kulitaja lilivyokuwa. Akimaliza ananyamaza. Kule kunyamaza ndiko kuomba. Mwenyeji, kama amelelewa, atamwambia: Haya, tumesikia, na lililokuleta? Hapo ndipo mtu anasema shida yake. Mwenyeji asipouliza amekutukana, tena matusi makubwa, na sijawahi kumsikia mama akisimulia kwamba kuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo.

Kamati ya shukrani ilikuja kwetu katikati ya mwezi. Mwenyekiti wake ni mama mwenye duka la vitenge, mmoja wa wale watu ambao hawawezi kuongea nawe bila kukushika mkono. Akanishika mkono. Akaniambia wamekwenda Ilagala kuiona nyumba ya mama, na wameirekodi, na walilia. Akanionyesha kwenye simu. Nikamwona amesimama mbele ya ule ukuta, kanga imebanwa puani, kisha mtu wa kamera anamwashiria kwamba ameanza, kanga inashuka na tabasamu linapanda. Alitaka mama awe ushuhuda wa mwisho, Jumapili ya kufunga mwezi: mtu aliyepoteza nyumba lakini hakupoteza shukrani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa, na nilikuwa na maneno ya kutosha, mama akasema kutoka jikoni, "Nitakwenda."

Nilimfuata nikamuuliza kama anajua watu hawa wanamtaka kwa ajili ya nini. Akanijibu kwamba siku hiyo wakubwa wote watakuwa wameketi mbele, mchungaji na wazee wa kanisa, na wao wenyewe ndio waliomwita. Ni nafasi gani nyingine angeipata nzuri kuliko hiyo? Nikaona uso wake una uhai kidogo, nikamwacha aende.

Jumapili yenyewe kanisa lilijaa hadi nje. Nyuma ya mimbari walining'iniza bango kubwa lenye picha ya nyumba ya mama na ukuta wake uliolala, na juu ya picha maneno ya shukrani yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Watu wakapita mbele mmoja mmoja. Kuna aliyeshukuru kwa gari. Kuna aliyeshukuru kwamba basi lilipinduka likaua wengine yeye akatoka mzima, vigelegele vikapigwa, nami nikawa najiuliza kama mama wa mmoja wa hao wengine yumo mle ndani na anafanya nini na mikono yake. Mwanamke wa jicho alishukuru kwa ajili ya ndoa yake. Mumewe alikuwa ameketi safu ya pili, amevaa suti, anapiga makofi.

Kisha wakamwita mama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misiba na harusi, amebeba kile kikapu cha kwao chenye mfuniko uliochongoka, ndani unga wa muhogo alioutwanga mwenyewe, na Mungu anajua nguvu ya kutwanga aliitoa wapi. Kipaza sauti alikikataa. Alipiga magoti mbele ya wazee, akakiweka kikapu chini, akaanza kupiga makofi yake ya taratibu. Emsii akadhani anashangilia. Akasema kwenye spika, "Mpigieni Yesu makofi," kanisa zima likalipuka, na makofi ya mama yakapotelea humo. Mama alisubiri waishe. Kisha akaanza upya.

Alishukuru kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Alimshukuru Mungu kwa miaka aliyokaa katika nyumba ile kabla ya maji. Alilishukuru kanisa kwa blanketi na sabuni walizomletea alipofika mjini. Aliwashukuru waliomtembelea alipoumwa. Kwa maji yaliyoibomoa nyumba hakushukuru, naomba hilo lieleweke, hakuyagusa hata kwa neno moja. Mwisho akasema kwa lugha ya mama yake, "Urakoze, Mana," ahsante Mungu, akainamisha kichwa. Na akanyamaza.

Mimi nilikuwa benchi la nne. Mchungaji wetu ni mtu wa mbali, yeye naweza kumsamehe kidogo. Lakini wale wazee wa kanisa wengi wao ni Waha watupu, wana mama zao vijijini, wamekulia ndani ya makofi hayo hayo. Mmoja nilimwona kabisa midomo inafunguka. Akamtazama mchungaji. Akaifunga. Huyo mzee mpaka leo akinisalimia namjibu nikiwa natazama viatu vyake.

Emsii akaona kimya kimezidi, akaiashiria kwaya. Kinanda kikaanza, na juu ya kinanda mchungaji akasimama. "Mwoneni mama huyu," alisema. "Hana nyumba. Hana kitu. Na amekuja mbele za Bwana bila ombi hata moja. Wewe unayenung'unika nyumbani kwako kwenye bati na umeme, unanung'unikia nini?" Watu wakaitikia, wengine wanalia. Mama alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa ameinua uso kidogo, anamtazama kila anayefungua mdomo, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu swali lingeweza kutoka kwa yeyote. Mtu wa kamera akachuchumaa karibu na uso wake kabisa. Kwaya ikaimba wimbo mzima na ikarudia kiitikio, na magoti yale yana ugonjwa. Mwishowe wahudumu wawili wakamwinua kwa makwapa, mmoja wao akamfuta machozi ambayo hayakuwapo, wakamrudisha kwangu. Unga wake ulinadiwa nje baada ya ibada pamoja na kuku na ndizi za wengine. Mwenye duka la vitenge aliununua kwa kelele nyingi.

Tulipofika uani mama aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, akakaa anasugua magoti. Kisha akaniuliza, "Waliniuliza, nikawa sikusikia?"

"Hapana, mama. Hawakuuliza."

"Basi labda sikushukuru vya kutosha," alisema. "Nitarudi tena."

Hapo karaha yote ya mwezi ule ilipata mahali pa kukaa. Mpaka siku hiyo nilikuwa nachukia kelele, rangi ya dhahabu, midomo. Sasa nilikuwa namtazama mwanamke aliyekauka, tumbo gumu kama jiwe la kusagia, anajilaumu kwamba hakuwashukuru watu vya kutosha hata akastahili shimo la choo. Hawa watu walikuwa wamemfanyia hivyo kwa nyimbo na vigelegele, na kila mmoja wao alirudi nyumbani akijisikia vizuri.

Nikaenda kwa mchungaji bila kikapu. Nilimweleza waziwazi: chumba, choo, mkwe, maji ambayo mama hanywi. Alinisikiliza vizuri, vidole amevipachanisha, anatikisa kichwa panapostahili. Kisha akasema, "Dada, mama yako ameshafika mahali ambapo mimi na wewe bado tunapanda. Usimshushe."

"Mchungaji, mama yangu hanywi maji."

"Tutamwombea."

Nikamuuliza kuhusu chumba. Akasema vile viti ni mradi wa kanisa na hakuna pengine pa kuviweka. Halafu akaniuliza, tena bila ubaya wowote usoni, mbona mama mwenyewe hakuomba, na alikuwa na nafasi mbele ya kanisa zima? Nikamweleza ile adabu ya kwao, kupiga magoti, kushukuru, kunyamaza. Akatabasamu. "Mila hizo, dada, ndizo tunazotaka watu wetu waziache." Nilitoka nje, nikafika getini, nikatema mate. Sijivunii, ila yalikuwa yamejaa.

Video ilizunguka mji. Ilipita kwenye makundi ya simu ya makanisa, ikatoka humo ikaingia kwa watu wasio wa kanisa lolote, na ndivyo ilivyomfikia jirani yangu wa upande wa pili wa njia. Ni mjane, Muislamu, Muha mzaliwa wa Ujiji, muuza mawese. Alikuja akapiga hodi, simu mkononi, vidole vimeng'aa kwa mafuta.

"Jirani, huyu si bibi wa hapa?"

Tukaitazama pamoja tukiwa tumesimama, sauti ameipunguza. Walikuwa wameikata mwanzo na mwisho, lakini magoti yalikuwamo, na kichwa kilichoinama, na uso unaozunguka kumtafuta wa kuuliza. Ilipoisha akairudisha nyuma akaitazama tena. Niliona paji lake la uso linakunjamana.

"Lakini mbona hawamuulizi?" alisema.

Nikatikisa kichwa.

"Amepiga magoti. Ameshukuru. Amenyamaza. Watu wote hao, na hakuna hata mmoja wa kumuuliza lililomleta? Wanamuimbia tu?" Alikuwa amekasirika kuliko mimi, na sikudhani kwamba hilo linawezekana. Akanipa simu niishike, akavuka ua mpaka jikoni alikokuwa mama. Mume wangu, kwa bahati, alikuwa kwenye mojawapo ya safari zake za dukani. Jirani akachuchumaa mbele ya kigoda cha mama na gauni lake la kazini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, umeshukuru, tumesikia. Na lililokuleta?"

Mama akakiweka sawa kitenge begani. Kisha akasema yote bila kusita, kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa ameyapanga siku nyingi: anataka mlango wake mwenyewe, hata uwe wa nini, na mahali pa kujisaidia ambapo mkwe wake hapiti. Hataki kumkimbiza mkwe kutoka nyumbani kwake, ni kijana mzuri, anakohoa mpaka anamwonea huruma. "Nisife nikiona haya," alisema. "Ni hilo tu."

Jirani ana chumba uani kwake alichokuwa akiwekea madumu ya mawese. Alimwambia mama ukweli, kwamba sakafu inateleza na harufu ya mafuta haitatoka mapema. Mama akasema amenusa mabaya zaidi. Kesho yake mume wangu ndiye aliyeyabeba madumu yale, ana furaha kupata kazi, na mama alisimama upande wa pili wa ukuta ili wasionane, anatoa maelekezo ambayo mimi niliyapeleka kwa mume wangu na kuyarudisha. Mimi nilisugua sakafu kwa majivu na sabuni mpaka kucha zikaniuma. Kwa jirani hakuna mwanamume, na choo chake hakina mlango unaolia. Jioni ile mama alikunywa maji kikombe kizima, akaomba kingine.

Kanisani habari zilifika kabla juma halijaisha. Mwenyekiti wa kamati akaja, akanishika mkono.

"Unaona, dada, shukrani zilivyofungua mlango?" Alitaka mama atoe ushuhuda wa pili, na safari hii walikuwa wamefikiria kumpiga picha mlangoni kwa chumba chake kipya.

Nikamwambia mlango ule umefunguliwa na mwanamke anayefunga Ramadhani, tena kwa ufunguo, na kama anataka ushuhuda avuke njia akamuulize mwenye ufunguo. Nikautoa mkono wangu. Akaniambia nina roho ya uchungu na inafaa niombewe. Nikamjibu kwamba nashukuru kwa yote. Alikaa kidogo anatafuta kama nimemtukana, kisha akaondoka, na mpaka leo duka lake la vitenge silikanyagi.

Watu wakinisikia hivi hudhani nimeacha kusali. Sijaacha. Kanisa nimehamia lingine, dogo, lisilo na spika, lakini hata huko nakaa karibu na mlango. Asubuhi kabla sijashuka Kibirizi najaribu kumshukuru Mungu kwa jambo moja ambalo naweza kulisema bila kudanganya. Siku nyingine nalipata upesi: maji safi, mtoto aliyepona homa, dagaa waliokauka kwa jua la siku moja. Siku nyingine nalikosa, namwambia nimelikosa. Sidhani kama anachukia. Nadhani amechoka kusikia uongo kuliko mimi, na mimi nimechoka kweli.

Mama hakuwahi kumshukuru jirani pale pale. Nilianza kuona vibaya, nikamkumbusha, akanikata jicho. Alisema mtu hashukuru kwa kitu ambacho hajakilalia akakijua. Akasubiri miezi. Ziwa lilipofunguliwa na mimi nikaanza kuanika tena, alinijia akachagua dagaa mwenyewe, anawapepeta, anaondoa waliovunjika vichwa, akajaza bakuli. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Akaniambia nimsindikize.

Mama anaishi uani kwa jirani, wanaonana tangu asubuhi, lakini siku hiyo alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba nzima mpaka njiani, akaja kusimama mlango wa mbele kama mgeni aliyetoka mbali. Akapiga hodi. Jirani alikuwa sebuleni anamimina mawese kwenye chupa. Alipoona bakuli na kitenge cha misiba na harusi, akaelewa. Aliweka dumu chini, akajifuta mikono vizuri, akaketi sawasawa kwenye kiti.

Mama akapiga magoti polepole, mkono mmoja ukinishika mimi. Akapiga makofi yake. Alishukuru kwa mlango. Alishukuru kwa choo, tena alikitaja kwa jina lake bila aibu. Alishukuru kwa madumu yaliyohamishwa na mahali yalikohamishiwa, ambapo sasa yanapata jua na kumletea mwenye mafuta hasara. Alishukuru kwa swali aliloulizwa jikoni. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Nilijua bati la chumba kile linavuja upande wa kitanda, na kwamba magoti yanataka godoro nene zaidi, nikaanza kuhesabu kichwani nitachangia nini. Jirani naye alimwacha akae kimya kwa kadiri ya adabu. Kisha akasema, "Haya, bibi, tumesikia. Na lililokuleta?"

Mama akainua uso.

"Hakuna," alisema. "Leo nimekuja kushukuru tu."